Kabla ya kununua sahani ya setilaiti, itoe antena nje ya trela

Wasafiri wa trela (nyumba ndogo inayokokotwa na gari) nchini Marekani, wengi wao sasa wana jibu moja: ukitaka intaneti ya uhakika njiani, nunua Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti. Ruta ya laini ya simu imeachiwa kazi ya akiba. Upande wa setilaiti una hoja nzito, na tutazifikia. Ila laini ilihukumiwa kwa ushahidi mbovu: simu iliyowekwa mezani, ndani ya trela.

Trela kama Airstream ni ganda la alumini. Hata la faibaglasi mara nyingi lina fremu ya alumini, na baadhi yana foili ya kuzuia joto. Mawimbi ya mnara yanagonga bati na kurudi. Machache yanapenya madirishani. Mwenye trela anaona kijiti kimoja cha mtandao kwenye simu, anasema hapa hakuna mtandao, kumbe upo juu ya paa lake.

Vijiti vyenyewe havitoshi kupimia. Fungua ukurasa wa ruta usome namba mbili. RSRP ni nguvu ya mawimbi: -85 dBm ni nzuri, -110 ni dhaifu, na ikishuka chini ya -120 usitegemee kitu. SINR inaonyesha mawimbi yameizidi kelele kwa kiasi gani: juu ya desibeli (dB) 20 ni raha, chini ya 0 ni mateso hata vijiti vikijaa. Ndiyo maana vikuza mawimbi vinawavunja watu moyo. Vinakuza kelele pamoja na mawimbi, tena kwa kawaida kupitia antena moja, wakati modemu ya kisasa, yaani sehemu ya ruta inayoongea na mnara, inategemea antena mbili au nne zinazopokea kwa pamoja. Vijiti vinapanda, kasi inaweza kushuka.

Dawa ni antena ya nje, na hapa ndipo wengi hutupa fedha zao, kwa sababu ya waya. Kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu. Waya wa LMR-200 hupoteza takriban 0.55 dB kwa mita kwenye masafa ya 2.5 GHz, mita 5 zimeshakula karibu nusu. Ukiunga waya mwembamba wa RG-174 kwa urefu huohuo unapoteza zaidi ya 7 dB, yaani inabaki chini ya moja ya tano, na antena uliyoinunua kwa bei kali haina faida tena. Kwenye 700 MHz hasara ni ndogo zaidi, na hilo ndilo tatizo. Masafa ya chini, kama bendi (kipande cha masafa) 71 ya kampuni ya simu ya T-Mobile (600 MHz) au bendi 13 ya mwenzake Verizon (700 MHz), yanafika mbali lakini ni membamba: bendi 13 ina MHz 10 tu za kushusha data, zinazogawanywa kwa kila aliye karibu na mnara. Kasi kubwa iko 2.5 GHz na kuendelea. Waya mbovu unayaua masafa hayo ya juu kwanza, ruta inarudi kwenye bendi nyembamba, halafu lawama inakwenda kwa kampuni ya simu.

Kwa hiyo usiushushe waya wa antena hadi mezani, ipandishe ruta. Iweke kwenye kabati la juu, waya wa antena usizidi mita 1, kisha teremsha kebo ya LAN (ya kuunga ruta na kompyuta), ambayo inafika mita 100 bila shida. Ukiwa umeegesha, antena ya kuelekeza upande mmoja, juu ya mlingoti wa mita 5, inaweza kufanya vizuri kuliko ile ya paani, ingawa waya wake utakuwa mrefu zaidi. Izungushe nyuzi 15 kwa mara moja, subiri nusu dakika, na ufuate SINR.

Yapo mambo ambayo antena haiyatibu. Mji wa Quartzsite, jimbo la Arizona, mwezi Januari hujaa maelfu ya trela. Mnara unasomeka vizuri na data haitembei. Na kwenye mabonde ya Nevada, mbali na barabara kuu, hakuna mnara wa kuelekezea. Hapo Starlink haina mpinzani. Setilaiti zake ziko takriban km 550 juu, si km 35,786 kama zile za zamani, ndiyo maana data haichelewi sana na simu za video zinawezekana.

Lakini sahani inataka mbingu wazi. Mawasiliano yake hupangwa upya kila sekunde 15, na setilaiti inayofuata ikiwa nyuma ya msonobari, mazungumzo yanakatika. Filamu haikuonyeshi kasoro hiyo, kwa kuwa imeshajiwekea akiba mbele. Kikao cha kazi kitakuonyesha. Kwenye misitu ya pwani ya jimbo la Washington, pale mnara unapofika, ruta yenye antena nzuri inaweza kuwa ndiyo inayobaki hewani.

Umeme nao una hesabu yake. Sahani ya kawaida hula wati 75 hadi 100: betri ya lithiamu ya volti 12, Ah 100, inaiendesha saa 17 kwa makadirio ya juu, na ruta ya wati 10 siku tano. Starlink Mini, sahani ndogo zaidi, hula wati 25 hadi 40 kwa wastani na inakubali volti 12 moja kwa moja, ila ukiivutia waya wa mm² 0.8 wa mita 5, inapohitaji ampea 5 kwa ghafla volti moja inapotelea njiani na sahani inaweza kujizima. Tumia mm² 2.5, au pandisha hadi volti 24.

Anayemudu vyote viwili aviunge kwenye ruta moja, laini iwe njia ya kwanza popote SINR inapozidi 10. Ajue tu kwamba ruta inayohama njia moja ikifa huchukua sekunde kadhaa, na kikao kitakatika. Kisikatike, lazima iwe ruta inayotumia njia zote kwa wakati mmoja, na huduma hiyo mara nyingi hulipiwa kila mwezi.