Ringi nyembamba na vumbi la Tabora

Kwenye magereji ya pikipiki hapa Tabora kuna kauli haikosekani: ringi za pistoni, yaani vyuma vya duara vinavyoizunguka pistoni ndani ya silinda, za zamani zilikuwa nene, zikadumu, za siku hizi nyembamba, mwaka haujaisha pikipiki inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Walalamikaji wana sababu ya kulalamika, ila naona lawama wanamtupia asiyehusika.

Wengi hudhani ringi huziba nafasi kati ya pistoni na silinda kwa kuwa ni springi inayojitanua na kuukaba ukuta wa silinda. Nguvu hiyo ni ndogo. Petroli inapowaka, gesi hupenya juu ya ringi ikaingia nyuma yake, ndani ya mfereji wa pistoni, ikaisukuma nje dhidi ya ukuta na chini dhidi ya sakafu ya mfereji. Moto wenyewe ndio unaoziba. Ndiyo maana ringi ikiganda kwenye mfereji uliojaa masizi, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inapotea hata kama ringi ilinunuliwa juzi.

Sasa unene. Ringi ya milimita 2 ina uso mpana, hivyo hutaka springi kali, na ukali huo ni msuguano unaokula petroli. Ya milimita 1 ni nyepesi: pistoni inapogeuza mwendo kwa kasi haipepei, na hujikunja kirahisi kuifuata silinda isiyo duara kamili. Wanaotetea nene nao wana hoja nzito. Joto la pistoni hupitia kwenye ringi kwenda ukutani, na uso mpana hulipitisha vizuri zaidi. Springi kali nayo huivumilia kidogo silinda iliyolika. Kwa injini mpya, mimi niko upande wa nyembamba bila kusita.

Lakini nene au nyembamba, hakuna inayoshindana na vumbi. Kiangazi, kwenye njia za mashamba ya tumbaku, hewa imejaa chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Dereva anayetoa eya klina, yaani chujio la hewa, ili pikipiki "ivute" anaziruhusu zichanganyike na oili na kuwa msasa. Hilo linaniuma, kwa sababu chujio ni bei ndogo mno ukililinganisha na pistoni.

Uharibifu ukishatokea, kuna mvutano: kubadilisha ringi peke yake, au kuchonga silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.25 au 0.50? Dereva wa boda anataka ringi tu, maana kila siku ya gereji hesabu ya bosi inamsubiri. Simlaumu. Tena kuchonga vibaya ni hasara kuliko kutochonga, na silinda zilizopakwa tabaka gumu ndani hazichongwi kwa namna ya kawaida.

Tatizo ni kwamba silinda hailiki sawasawa. Hulika zaidi juu, pale ringi inapogeukia na oili ni haba. Kipenyo kikiongezeka milimita 0.1, mzingo unaongezeka 0.31, na mwanya wa ringi, yaani nafasi kati ya ncha zake mbili, unafunguka kiasi hichohicho. Kwa silinda ya milimita 50, mwanya wa kawaida ni kama 0.2. Kwa hiyo ringi mpya iliyokaa vizuri chini, ikifika juu ina mwanya wa 0.5, mahali ambapo gesi ina nguvu kuliko kote. Mteja amelipa, na moshi umebaki.

Ubishi huu unamalizwa na fila, yaani vibati vyembamba vya kupimia mianya. Isukume ringi mpya ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima mwanya chini, kisha pima juu. Tofauti gawa kwa 3, umepata ulikaji. Ukiwa ndani ya kipimo cha mtengenezaji, ringi tu ni kazi halali kabisa. Ukizidi, fundi anayekubali kuweka ringi tu anamuibia mteja wake, hata kama mteja ndiye aliyeomba.

Na geji ya kompresheni, kipimo kinachofungwa kwenye tundu la plagi, isisomwe kama tuko Dar es Salaam. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini nzima kabisa itasoma pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane. Ukitilia shaka, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Namba ikipanda, tatizo ni ringi au silinda. Isipopanda, kagua valvu kwanza kabla ya kung'oa silinda.