Kiwewe cha vita kinapofika moyoni

Mwaka 1871 daktari Jacob Mendes Da Costa wa Marekani alichapisha taarifa kuhusu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ambao moyo uliwaenda mbio, kifua kikawabana na pumzi zikawakatika, ilhali akiwapima haoni moyo mgonjwa. Mwanajeshi mstaafu wa leo mwenye malalamiko hayo huambiwa ni msongo wa mawazo, akarudishwa nyumbani.

Utafiti wa pacha uliotoka 2013, chini ya mtafiti Viola Vaccarino, unafanya jibu hilo lionekane la kizembe. Pacha wanaume 562 waliotumikia jeshi la Marekani enzi za vita vya Vietnam walifuatiliwa kwa takriban miaka 13. Wenye ugonjwa wa kiwewe, yaani PTSD, asilimia 22.6 walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo. Wasio nao, 8.9. Mpinzani atasema wenye kiwewe huvuta sigara zaidi, au wametoka katika koo zenye maradhi ya moyo. Kwa sehemu yuko sahihi: pale pacha mmoja alipokuwa na kiwewe na mwenzake hana, pengo lilipungua, 22.2 dhidi ya 12.8. Lilipungua, halikufutika. Sigara, pombe na sonona zilipohesabiwa, uhusiano ulibaki. Picha za mtiririko wa damu moyoni nazo zilionyesha kasoro karibu mara mbili kwa wenye kiwewe, na picha haijazi dodoso.

Wanaopinga kwamba kiwewe huumiza mwili wana hoja nzito kutoka vita vya Ghuba vya 1991. Marekani ilipeleka askari karibu 700,000, na wengi walirudi na uchovu, maumivu ya viungo na usahaulifu. Kwa miaka mingi waliambiwa ni msongo. Mwaka 2008 kamati ya ushauri ya serikali ilihitimisha kwamba angalau mmoja kati ya wanne aliugua, na ikataja vidonge vya pyridostigmine, walivyopewa kama kinga dhidi ya gesi ya sumu, na viuatilifu kuwa chanzo, si msongo. Lakini pale msongo ulitajwa kwa sababu tu hakuna kingine kilichopatikana. Kwa pacha, ugonjwa wa moyo ulipimwa.

Madodoso nayo yana mtego wake. PCL-5, dodoso la dalili za PTSD, ina maswali 20, kila moja alama 0 hadi 4, na 31 hadi 33 ndicho kizingiti kinachotumika sana. Usingizi mbaya umo humo, na umo pia katika orodha nyingi za malalamiko ya mwili, hivyo dalili hiyo moja huhesabiwa mara mbili. Anayechambua takwimu aondoe swali hilo kwanza, aone kama uhusiano unabaki. Na kliniki, alama za juu zisifute ECG, kipimo cha umeme wa moyo: maumivu ya kifua yanayokuja mgonjwa akipanda ngazi na kuisha akipumzika yachunguzwe kama ya moyo, pamoja na shinikizo la damu, sukari na lehemu. Anayekoroma na kuamka amechoka apimwe kukatika pumzi usingizini kabla ya kuongezewa dawa ya kulala, kwani baadhi yake huzidisha tatizo hilo.