Kafi la sebuleni

Juzi nimekuta mtandaoni kafi la Wamaori, wenyeji wa New Zealand, linapigwa mnada, na maelezo yake ni haya tu: "Linapendeza sebuleni." Sebuleni! Utoboe ukuta, ulitundike juu ya televisheni, wageni wasifie rangi.

Hilo, haya, pengine lilichongewa watalii. Kinachonichoma ni makumbusho ya Uingereza, maana nayo yanatundika vilevile, ila wao wana vioo na walinzi. Makafi yaliyochukuliwa na watu wa Endeavour, meli ya Kiingereza ya nahodha James Cook, mwezi Oktoba 1769, karibu na ghuba ya Tūranganui-a-Kiwa huko New Zealand, mengine mpaka leo yako kwao. Yatazame kwa karibu: bapa jembamba lililochongoka kama jani, wekundu wa udongo wa kōkōwai, na michoro ya kōwhaiwhai inayojikunja bila kupakwa chochote, mti wenyewe umeachwa wazi. Pale mpini unapoanza kupanuka pana nakshi. Na hiki kilikuwa chombo cha kazi, cha kulowa maji ya chumvi!

Watakwambia yalinunuliwa. Sawa, yalinunuliwa; hata waandishi wa safari ile walisema wenyeji waliuza mpaka nguo na makafi. Lakini siku chache tu kabla, mabaharia haohao walikuwa wamewapiga risasi Wamaori pale ghubani, na Te Maro akawa wa kwanza kufa. Ukiona bunduki imeshamla jirani yako, bei unapanga wewe? Cook naye, kwa kukosa chakula alichokitaka, akaiita ghuba hiyo Ghuba ya Umaskini. Umaskini wa nani, sijui.

Mwaka 2019 balozi wa Uingereza alieleza masikitiko kwa vifo vile. Masikitiko, si kuomba radhi. Mwaka huohuo baadhi ya vitu vya safari ile vikapelekwa Gisborne, mji ulio kwenye ghuba hiyohiyo, vionyeshwe, kwa mkopo! Unaazimwa mali ya babu yako na tarehe ya kurudisha unapangiwa.

Najua, yangebaki nyumbani huenda yangeoza. Huenda. Ila Waitangi, kulekule New Zealand, kuna waka, yaani mtumbwi wa Kimaori, iitwayo Ngātokimatawhaorua, iliyozinduliwa 1940, na haiendi bila wapiga kafi wasiopungua 76, wote kwa mpigo mmoja. Kazi hiyo haijafa, na mchongaji wa leo anataka kulishika kafi la wazee, alipime unene kwa vidole. Picha haimpi hilo.

Basi wakopesheni miaka mia tatu, kama neno "rudisha" linawakwama kooni.