Klabu za jogingi Tanga, tupande Amani, spika tuziache mjini

Jumamosi alfajiri, ukisimama Raskazone, utazisikia klabu zetu kabla hujaziona. Spika imefungwa nyuma ya pikipiki, filimbi zinalia, fulana za rangi moja zinapita, watu wanaitikiana mpaka mtaa unaamka. Nimekimbia na klabu yangu miaka minne na humo nimepata ndugu. Ninalosema leo nalisema kwa mapenzi: angalau mara moja kwa mwezi tuiache lami, tukakimbie msituni.

Msitu ninaousema ni Amani, wilayani Muheza, hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Ni mali ya umma, na Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Lakini kila nikipita lango la Zigi, ninaowakuta wakikaza kamba za viatu ni wageni kutoka Ulaya. Watu wa Tanga tumeshajiaminisha kwamba Amani ni ya watalii, na hilo linaniuma.

Njia niipendayo ni ya mzunguko, inaanzia kijijini Amani na kupitia kilima cha Mbomole. Ugumu wake ni wa wastani: mwenye pumzi ya kwenda Raskazone na kurudi ataimaliza, ila atatembea kwenye baadhi ya miinuko. Pale ni mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Kifua kilichozoea joto la pwani hupigwa na ubaridi, na dakika kumi za kwanza pumzi inagoma. Kisha mwili unakubali. Kwenye lami nakimbia nikitazama saa. Huku natazama ninapokanyaga, maana kuna mizizi iliyosimama kama kuta, majani yaliyolowa na mara nyingine mstari wa siafu wa kuruka upesi. Magoti yangu, yanayolalamika kila Jumapili, yakitoka huku hayasemi kitu. Ukifika juu, miti inafunguka na unayaona mashamba ya chai yamelala kwenye miteremko.

Mara ya kwanza tulikwenda watu sita, na kwa mazoea mmoja wetu akaanzisha wimbo. Mzee aliyekuwa akituongoza akasimama. "Wanangu," akasema, "huku tunakwenda kwa miguu, hatuendi kwa sauti. Subirini kidogo." Tukanyamaza. Haukupita muda, hondohondo wakapita juu yetu, mabawa yakivuma kama mtu anayepeta kwa ungo. Mbele kidogo mbega walikuwa wametulia kwenye matawi, mikia yenye ncha nyeupe ikining'inia. Kwa spika yetu ile wasingebaki.

Karibu na vijito, kwenye miamba yenye kivuli, mzee alituonyesha ua dogo la zambarau. Ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao mwaka 1892, likapewa jina lake, Saintpaulia. Leo limejaa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya, na mimi, mzaliwa wa Tanga, nililiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na moja.

Na vijito hivyo vinaingia Mto Zigi, mto unaoshuka mpaka bwawa la Mabayani, yanakotoka maji ya bomba ya Jiji la Tanga. Chupa tunayojaza kabla ya kuanza mbio inatoka huku. Tangu nilipolitambua hilo, nikiona takataka njiani msituni siwezi kuiruka.

Wapo watakaosema mchakamchaka bila wimbo si mchakamchaka. Nawaelewa, wimbo ndio unaomvuta aliyechoka. Basi tuimbe ndani ya gari kutoka Tanga mpaka langoni, na tukirudi tuimbe tena. Ndani ya msitu twende kumi kumi, kila kundi na mwongozaji wake, na masika tusubiri yapite, kwa sababu ule udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya sana, hasa wakati wa kushuka.

Nimeshaongea na katibu wa klabu yetu. Mpaka jana jioni majina yaliyoandikwa kwenye daftari lake yalikuwa kumi na tisa, na kwenye Coaster tuliyoagiza viti bado vipo.