Kipimo kisichobadilisha mazoezi kina kazi gani?

Katika kumbi nyingi za mazoezi mijini, mteja mpya hupandishwa kwenye mzani, huzungushiwa utepe kiunoni, kisha hukabidhiwa ratiba ileile aliyopewa mwenzake wa jana. Takwimu zimeandikwa, lakini hazikuamua lolote. Kwa maoni yangu, mwalimu asipime jambo ambalo jibu lake halitabadilisha zoezi atakalolitoa.

Tuchukue kipimo cha Cooper, kilichotangazwa mwaka 1968 na Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani. Mtu hukimbia kwa dakika 12, na umbali aliofikia hutumika kukadiria uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni; mita 2,400, kwa mfano, hukadiriwa kuwa mililita 42 hivi za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Kinahitaji uwanja na saa tu, ila hudai pia ujuzi wa kugawa pumzi, kwa kuwa anayeanza kwa pupa huishiwa nguvu mapema, na matokeo yake yakaeleza ugeni wake katika mbio kuliko hali ya moyo na mapafu. Tena, anayepimwa Dar es Salaam mchana wa Februari, kisha akarudia alfajiri ya Julai, asishangilie upesi: huenda kilichobadilika ni joto. Mimi nathamini zaidi hesabu nyepesi iliyomo humo, yaani mita 2,400 kwa dakika 12 ni kasi ya kilomita 12 kwa saa, ambayo mwalimu anaweza kuitumia kesho yake kupanga mbio za vipande, za kukimbia na kupumzika kwa zamu.

Kuhusu mijongeo, yaani namna mwili unavyojikunja na kujinyoosha, nina shaka na alama za jumla. Mfumo wa Gray Cook na Lee Burton, wataalamu wa mazoezi wa Marekani, hupima mijongeo 7 kwa alama 21, na kwa muda ilidhaniwa kwamba anayepata 14 au chini yake yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuumia. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa mpaka huo hautabiri majeraha vizuri. Afadhali kumtazama mtu akichuchumaa. Visigino vikinyanyuka, mwekee kibao chembamba chini ya visigino hivyo. Akishuka vizuri zaidi, yaelekea kizuizi kiko kwenye kifundo cha mguu, na zoezi lianzie hapo.

Kwa mzee, kuhesabu mara anazosimama kutoka kitini kwa sekunde 30, mikono ikiwa kifuani, kunatosha kuanzia. Anayelalamika maumivu ya kifua asipimwe uwanjani kabisa. Aende kwanza kwa daktari.