Maabara mbili, bamvua moja

Mwanafunzi wa sayansi hapa Unguja akiniuliza kama ajitolee kwenye maabara mbili, simuulizi ana nafasi kiasi gani kwa wiki. Namuuliza kila maabara inafuata saa ya nani.

Tuseme anapima mwani kwa mtafiti wa bahari, na huku anapima kichocho kwenye maabara ya afya. Karatasini, siku mbili huku na tatu kule, mambo safi. Lakini mashamba ya mwani ya Paje na Jambiani huingilika vizuri wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa sana, na bamvua kwetu maji hupwa kabisa kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Mkojo wa kichocho nao hukusanywa maskulini baina ya saa nne na saa nane mchana, maana ndipo mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Saa ni ile ile! Kwenye kinyesi ni kibaya zaidi: kioo cha Kato-Katz, yaani kinyesi kilichopakwa kwenye kioo cha darubini, kikikaa zaidi ya saa moja hivi bila ya kutazamwa, mayai ya minyoo ya safura hayaonekani tena, na mtoto mwenye minyoo anaandikwa hana. Hapo kuchelewa si suala la adabu tena. Majibu yenyewe yameshaharibika.

Wanaotetea maabara mbili, hata hivyo, nawaelewa. Kichocho hakiishii kwenye darubini. Konokono anayekibeba yuko kwenye vijito na madimbwi, na aliyezoea kupima joto la maji na kuhesabu viumbe humo ataona asiyoyaona anayekaa ndani ya maabara. Isitoshe, mradi wa utafiti una mwisho wake. Fedha zikikatika, wa kujitolea ndiye wa kwanza kuambiwa asije.

Wapinzani hukimbilia "mshika mbili moja humponyoka". Sikubaliani nao sana. Kinamama wa mwani wameshika mbili tangu kilimo hicho kianze pwani ya mashariki mwaka 1989: bamvua wako baharini, maji mafu, yakiwa hayapwi sana, wako kwenye kazi zao nyengine. Hawajigawi nusu kwa nusu, wanaufuata mwezi.

Kwa hiyo nafasi ya pili naikubali ikiwa kazi yake inasubiri: kuingiza takwimu, kusoma makala, kupanga sampuli zilizokwisha kuhifadhiwa. Maabara mbili za sampuli mbichi, hapana, hata kijana awe hodari vipi.

Linalonikera ni kufichana. Mwanafunzi hamwambii msimamizi huyu kuhusu yule, akidhani atanyang'anywa nafasi. Kisiwa hichi! Wasimamizi watakutana harusini kabla ya wiki kwisha. Bora aende kwa wote wawili na jedwali la maji kupwa na kujaa la miezi mitatu, siku za bamvua amezipigia mstari, aulize nani anamtaka siku zipi.