Kumwacha Genichiro juu ya ngome

Sekiro: Shadows Die Twice ilitoka Machi 2019, na mwaka huohuo ikabeba tuzo ya gemu bora kwenye The Game Awards. Haina mahali pa kuchagua ugumu. Fundi na mbabaishaji wote wanapanda ngome ya Ashina na kumkuta bosi, yaani adui mkuu, Genichiro yuleyule wa upanga na upinde. Ukidhani umemmaliza, anavua deraya na kuanza kukupiga radi. Wengi huizima gemu hapo, na wakiizima huambiwa hawana subira.

Lawama hiyo ina msingi. Mwongozaji wa gemu hiyo, Hidetaka Miyazaki, amewahi kueleza kwamba walitaka wachezaji wote wakutane na ugumu mmoja. Nguvu hazipandi kwa kuchinja askari wadogo, wala humwiti rafiki akusaidie kama kwenye Dark Souls, gemu nyingine ya Miyazaki. Unasikiliza vyuma vinavyogongana na kubonyeza L1, kitufe cha kukinga kwenye pedi, kwa wakati wake. Siku mkono ukishika mdundo, adui aliyekuua mara ishirini anaonekana mzembe. Nimeionja raha hiyo, siikatai.

Ila mdundo unakaa mikononi, na mikono husahau. Chukua mtu mwenye saa moja ya kucheza Jumanne, watoto wakishalala, na nyingine Jumamosi. Jumanne anakufa weee, hadi dakika za mwisho ndipo anaanza kupangua mishale bila kuwaza. Jumamosi nusu saa nzima inakwisha akitafuta alipoachia. Inabaki nusu saa ya kujifunza kitu kipya. Mtoto akiamka kuomba maji, imebaki robo. Kijana aliye likizo, anayekaa na bosi huyo saa tano mfululizo, halipi deni hilo hata siku moja. Halafu huyohuyo ndiye anayemfundisha mwenzake subira! Mtu aliyerudi kwa Genichiro wiki sita, kila wiki akianzia karibu na pale alipoanzia, subira yake umeipimaje?

Wapo wanaong'ang'ania kwa uchungu wa dola 60 walizotoa. Steam, duka la gemu la mtandaoni, hurudisha pesa kwa kawaida ikiwa hujazidisha saa mbili za kucheza wala siku 14 tangu ununue, na kwa mchezaji wa kawaida saa hizo huwa zimekwisha kabla hajaiona paa ya ngome. Pesa imeshaenda. Kinachobaki kutumika ni usiku wako.

Celeste, gemu ya kupanda mlima ya 2018, ni ngumu pia, lakini inakuachia upunguze kasi ya mchezo ukitaka. Sijamwona aliyefika kileleni bila msaada huo akilalamika kwamba ushindi wake umechakachuliwa.

Kwenye vibanda vya gemu tulikokulia, aliyefungwa aliachia pedi, akakaa benchi na kuendelea kupiga domo. Sebuleni hakuna foleni ya kukupokonya, inabidi ujipokonye mwenyewe. Yangu niliiweka juu ya kabati saa nne usiku, Genichiro akiwa bado na deraya yake mwilini.